Kuku wa Shimba Aliyefika Bungeni

Kuku alikuwa wa Shimba. Hilo lijulikane mapema, kwa sababu baadaye watu wengi walimzungumzia yule kuku, mpaka Dodoma walimzungumzia, na karibu wote walikosea mwenyewe ni nani.

Asubuhi ile mwenyekiti wa kijiji alipita nyumba kwa nyumba akisema timu ya wakubwa inakuja Mwagulanja kuangalia njaa. Watafikia kwa Nkwabi, akasema, kwa kuwa nyumba yake iko karibu na barabara na majaruba yake ya mpunga ndiyo yaliyoharibika kuliko yote. Mvua za Elnino zilikuwa zimekatika wiki tatu zilizopita. Mpunga wa Nkwabi ulikuwa bado umelala chini ya maji, umeoza, na upepo ukitoka ziwani harufu yake iliingia mpaka chumbani.

"Wanakuja kuangalia njaa," Nkwabi alimwambia mama yake.

"Nimesikia," Bibi Dorotea akasema. "Watakula nini?"

"Mama, wanakuja kuona kwamba hatuna chakula."

"Nimesema nimesikia, mimi si kiziwi. Nauliza watakula nini."

Teodora, mke wa Nkwabi, alikuwa anaosha michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, ambavyo ndivyo walivyokuwa wakila mchana na jioni tangu Pasaka. Aliendelea kuosha. Alimjua mama mkwe wake. Katika nyumba ya Bibi Dorotea mgeni hakuwahi kuondoka na tumbo tupu. Zamani za kodi ya kichwa hata yule tarishi wa kodi alikula kwanza, akanawa mikono, ndipo akamfunga kamba babake Nkwabi.

Kufika saa sita nyumba ilikuwa imebadilika. Viti vinne vilitoka kanisani pamoja na sahani za maua ambazo padri hulia chakula akija kusalisha. Chupa ya chai ilitoka kwa Jonathan wa dukani. Kuku alitoka kwa Shimba, jirani wa ng'ambo ya njia, mtu mwembamba mwenye maneno mengi, ambaye alimshika kuku wake kwa miguu yote miwili na hakutaka kumwachia.

"Huyu anataga, mama."

"Leo hatagi. Nitakurudishia."

"Lini?"

"Shimba, mimi nilikuzalisha wewe. Mama yako alikuwa amelala kwenye ngozi pale, mimi ndiye niliyekudaka. Nilikuuliza utazaliwa lini?"

Shimba akamwachia kuku.

Ukabaki mchele. Bibi Dorotea aliingia chumbani akatoka na kibuyu kikubwa kilichofungwa mdomo kwa kitambaa. Ndani yake ulikuwa mpunga wa mwaka juzi, umechanganywa na majivu usiliwe na wadudu, uliookolewa juu ya dari maji yalipoingia ndani. Teodora aliacha michembe yake akasimama.

"Mama, hiyo ni mbegu."

"Naijua. Niliichagua mimi, punje kwa punje."

"Na mvua za Novemba zikija tutapanda nini?"

"Hao ndio wenye mbegu za Serikali, mwanangu. Mtu akiondoka hapa na njaa atatukumbuka kwa lipi? Lete kinu."

Teodora alimwangalia mumewe. Nkwabi aliangalia paa, kana kwamba kuna mahali panavuja. Basi Teodora akaleta kinu, na mbegu ikatwangwa.

*

Walikuwa wanne kwenye Landrover. Mkubwa wao alikuwa Bwana Projest Ishengoma, ofisa kilimo kutoka mkoani, Mhaya, mtu wa miwani na viatu vinavyong'aa, mpole sana. Alimwamkia Bibi Dorotea shikamoo kwa kuinama, na bibi alipoitikia marahaba alimpenda palepale. Firigisi akapewa yeye.

Walikula. Kuku alikuwa amenona, lazima isemwe, na wali ule ulikuwa wa mchele wa Supa, unanukia mpaka barabarani. Watu wa Mwagulanja walisimama mbali kwa adabu, wakimeza mate. Walipomaliza, Bwana Ishengoma akafungua daftari lake.

"Mama, hali ya chakula hapa ikoje?"

"Tunamshukuru Mungu, baba," Bibi Dorotea akajibu, kama mtu yeyote aliyelelewa anavyojibu akiulizwa hali na mgeni. "Hatujambo."

Nkwabi alifungua mdomo. Mama yake alimtazama, na mdomo ukafungwa.

Wageni walisimama barabarani wakatazama majaruba kwa mbali, kwa sababu chini kulikuwa na tope. Mmoja akasema, "Maji ni mengi." Mwingine akakubali kwamba ni mengi. Waliuliza ile kijani yote mdomoni mwa mto ni mboga gani. Wakaambiwa ni magugu maji, yaliletwa na ziwa, yameziba mto ndiyo maana maji yamerudi mashambani badala ya kwenda zake. Bwana Ishengoma akaandika. Kisha wakaaga, na Bibi Dorotea akawapa maboga mawili ya njiani, yaliyokuwa ya mwisho.

*

Mwezi wa saba, wakati wa Bunge la bajeti, watu walikusanyika mbele ya duka la Jonathan kusikiliza redio. Betri zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu. Mbunge wao, Mheshimiwa Suzana Mihayo, alikuwa ametuma habari kwamba swali lake litaulizwa siku hiyo. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti nzito, aliyewahi kuwa mwalimu, na waliosoma kwake walisema sauti ile bado inawafanya wafiche mikono nyuma.

Sauti ikaja. "Mheshimiwa Spika, je, Serikali ina habari kuwa mafuriko yameharibu mpunga wote wa kata ya Mwagulanja? Je, itawapelekea wananchi mbegu kabla ya msimu ujao? Na ina mpango gani wa kuondoa magugu maji yaliyoziba mto?"

"Huyo ndiye mama," Jonathan akasema. Watu wakamnyamazisha.

Naibu Waziri akajibu kwa sauti laini, kama anasoma barua ya harusi. Serikali ilituma timu ya wataalamu. Timu ilifika kijijini na kupokelewa na mkulima mmoja wa kawaida. Ilipewa wali na kuku, na chai kutoka kwenye chupa. Ilikuta vyombo vizuri na samani za kutosha. Ilipomuuliza mama mwenye nyumba hali ya chakula, alijibu hawajambo, na wakati wa kuondoka timu ilipewa maboga. "Hivyo, Mheshimiwa Spika, Serikali imeridhika kuwa kata ya Mwagulanja inajitosheleza kwa chakula, na imeondolewa kwenye orodha ya kupatiwa mbegu. Suala la magugu maji linafanyiwa utafiti."

Jonathan alizima redio ili kuokoa betri. Kisha vichwa vyote, kimoja baada ya kingine, vikamgeukia Nkwabi.

"Mkulima wa kawaida," mmoja akasema.

"Mwenye samani," mwingine akasema.

Shimba alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda. Alitikisa kichwa kwa muda mrefu. "Mimi nimezaliwa hapa, nimekua hapa, Dodoma sijafika hata siku moja," akasema. "Lakini kuku wangu amefika Bungeni."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mti. Nkwabi naye alicheka, maana angefanya nini, lakini alirudi nyumbani akiburuta baiskeli bila kuipanda.

*

Wiki ile nyumba ya Nkwabi ilikuwa ya ajabu. Watoto wa shule walipopita walilia kama kuku. Mwanamke mmoja alikuja kuomba chumvi akasema anajua kwa matajiri haikosekani. Nkwabi alikwenda Mwanza kuuliza bei ya mbegu, maana siku hizi chama cha ushirika kilikuwa jengo lenye popo na mbegu waliuza watu binafsi. Muuzaji alimtazama kandambili zake kabla ya kumtazama uso. Alipotaja bei, Nkwabi alimwomba airudie.

"Hata nikiirudia mara kumi, mzee, haitashuka. Hili ni soko huria. Una uhuru wa kununua na una uhuru wa kuacha."

Nkwabi akatumia uhuru wa kuacha. Aliporudi aliiegemeza baiskeli ukutani, akaifuta vumbi kwa uangalifu sana, akaanza kukaza kila nati. Teodora alielewa. Baiskeli haikazwi hivyo ila inapokwenda kuuzwa.

"Ukiiuza hiyo utapata mbegu ya jaruba moja," akamwambia. "Na wale samaki unaowachuuza utawabeba na nini, kichwani? Tumwandikie mbunge."

"Tumwambie nini?"

"Ukweli."

Teodora alikuwa na darasa la saba na mwandiko mzuri. Alikaa kizingitini na karatasi mbili kutoka daftari la mtoto. Bibi Dorotea alikaa ndani, mgongo ameuelekeza mlangoni, lakini masikio yalikuwa nje.

"Mheshimiwa Mbunge," Teodora alisoma huku akiandika, "shikamoo. Sisi ndio tuliokula, hapana, tuliowalisha wale wageni. Wali ule ulikuwa mbegu yetu."

"Futa hapo!" sauti ikatoka ndani.

"Mama?"

"Utaandika kwamba nyumba yangu ilimpa mgeni mbegu yenye majivu? Mama Suzana atasoma, Spika atasoma, na wale Wagogo wote wa Dodoma watasikia. Nitaficha wapi uso?"

"Mama, tukificha hilo hatuna la kuandika."

"Basi msiandike. Aliyeomba kwa kusema uchi wake ni nani?"

Nkwabi alisema wasubiri, mama apoe. Teodora alisema mvua haitasubiri mama apoe. Wakaanza kugombana kwa sauti za chini, kama watu wanaogombana mbele ya mgonjwa, na hapo ndipo Shimba alipokuja. Alibisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe.

"Karibu," Bibi Dorotea akasema bila kugeuka. "Najua umefuata kuku wako. Sina."

"Sikufuata kuku, mama. Kuku nimesamehe. Nimekwishamcheka vya kutosha, thamani yake imerudi." Akachuchumaa mlangoni, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi hakuwa anacheka. "Nimekuja kwa jambo lingine. Na mimi sina mbegu. Maji yaliibeba pamoja na kihenge. Nilikuwa natarajia ile ya Serikali. Sasa limekatwa jina lako, na langu limekatwa pamoja nalo, na la kila mtu kuanzia hapa hadi mtoni. Sikulaumu. Ningekuwa mimi ningepika vilevile. Nasema tu."

Mkono wa Bibi Dorotea ulikichukua kile kibuyu kilichokuwa pembeni, ukakitikisa. Hakikutoa sauti yoyote. Alikitikisa tena, kama mtu anayegonga mlango akijua ndani hamna mtu.

"Teodora."

"Abee, mama."

"Andika. Andika kuku alikuwa wa Shimba. Andika sahani za kanisa, na viti, na chupa ya Jonathan. Andika mbegu." Akakiweka kibuyu chini. "Na ile hatujambo, andika kwamba mtu akimuuliza mgonjwa hali, mgonjwa husema hajambo, hiyo ni heshima tu, hata wao kwao ndivyo wanavyosema."

"Nimeandika, mama."

"Na andika kwamba kuku alinona. Wasije wakadhani tuliwapa takataka."

*

Baada ya siku kumi na moja betri za Jonathan zilianikwa tena. Safari hii hata wavuvi waliacha nyavu zao.

Mheshimiwa Suzana Mihayo alisimama kuuliza swali. Alisema, kwa ile sauti yake ya darasani, kwamba ana barua mkononi, na anaomba aisome kidogo. Spika akamwambia aisome kwa kifupi. Akaisoma yote. Alipofika kwenye sahani za kanisa, Bunge lilianza kunung'unika. Alipofika kwenye kuku wa Shimba, redio nzima ilicheka. Ilikuwa kicheko kikubwa cha watu waliovaa suti, na watu wa Mwagulanja wakacheka nacho, na Shimba akasimama juu ya kreti ya soda akapunga mikono kama vile wanamwona.

Alipofika kwenye mbegu, kicheko kilikatika.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "hawa watu hawakusema uongo. Walimpa mgeni kitu cha mwisho walichokuwa nacho, na mgeni akaandika kwamba wamejitosheleza. Je, Naibu Waziri yuko tayari kurudisha mbegu iliyoliwa na timu yake? Na je, yuko tayari kuwatuma tena watu walewale, bila kutoa taarifa, ili wakale kile watakachokikuta?"

Naibu Waziri akasimama kujibu. Sauti yake haikuwa laini tena. "Mheshimiwa Spika, kama ni kweli, tutakwenda. Na kwa niaba ya timu, naomba tumshukuru Bwana Shimba."

"Sikilizeni!" Shimba alipiga kelele. "Nimeshukuriwa na Serikali!"

Bibi Dorotea hakwenda dukani. Aliambiwa yote nyumbani, na swali lake lilikuwa moja tu: je, walisomewa pale pa kuku kunona?

*

Landrover ilikuja mwezi wa nane, siku ya kawaida, saa saba mchana. Hakuna aliyeambiwa. Shimba ndiye aliyeiona kwanza, na jambo la kwanza alilofanya ni kuwaswaga kuku wake wote ndani, akafunga mlango akausimamia.

Bwana Ishengoma alishuka, safari hii yeye na dereva tu. Bibi Dorotea alimwona, akainuka mbiombio, akajifunga kanga vizuri, akageukia upande wa kanisa. Teodora alikuwa amekwisha kusimama njiani.

"Hapana, mama. Leo hapana."

"Sahani tu, mwanangu."

"Hata kijiko."

Bwana Ishengoma alikuwa amefika. Alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Aliangalia chini. Miguu yake ilikuwa inacheza kama ya msichana aliyevunja mtungi. "Umetukuta vibaya."

"Nimewakuta vizuri. Mama, nimesikia redio. Hata mke wangu amesikia. Hanipikii kuku siku hizi, anauliza kwanza kama mwenyewe amekubali." Akakaa juu ya gogo, kwa sababu kiti hakikuwepo. "Nimekuja kula mnachokula."

Teodora akaleta michembe iliyochemshwa, kwenye sufuria ileile iliyopikiwa, na maji ya kunywa kwenye kata. Maharage hayakuwepo, wala karanga. Bibi Dorotea alisimama nyuma ya mlango asione. Bwana Ishengoma alitia kipande mdomoni akatafuna. Akatafuna tena. Michembe ya zamani humchukua mtu muda.

"Kwetu Bukoba—" akaanza.

"Kwenu mna ndizi!" sauti ikatoka nyuma ya mlango. "Najua. Sema tu kwamba ni kigumu."

"Ni kigumu, mama."

"Haya. Sasa angalau mmoja wetu amesema ukweli," Bibi akasema, akatoka mafichoni akaja kukaa naye.

Bwana Ishengoma alikula mpaka mwisho. Kisha aliomba kukiona kibuyu, akakitikisa mwenyewe, akaandika. Alikunja suruali akateremka majarubani, hakusimama barabarani, akaenda na Nkwabi na Shimba hadi mdomoni mwa mto ambako magugu maji yalikuwa yamefumana kama mkeka. Shimba alimwonyesha kwamba mbuzi anaweza kuvuka juu yake. Bwana Ishengoma akataka kujaribu kama ofisa kilimo naye anaweza. Hakuweza. Walimvuta kwa mikono miwili, akatoka, lakini kiatu cha kulia hakikutoka mpaka leo.

"Andika na hicho," Shimba akamwambia. "Kiatu kimoja, kimeliwa na utafiti."

Bwana Ishengoma, akiwa na tope hadi kiunoni na mguu mmoja peku, alicheka kuliko wote. Na akaandika.

*

Mbegu zilikuja wiki ya kwanza ya Novemba, mawingu yakiwa yamekwisha kukaa upande wa Ukerewe. Lori lilisimama mbele ya kanisa. Majina yalisomwa kuanzia barabarani hadi mtoni, na la kwanza lilikuwa la Nkwabi. Kulikuwa na mapanga na reki ndefu za kuvutia magugu pia, si nyingi, lakini vijana walikwisha kugawana zamu.

Teodora alipokea gunia lake akalifungua palepale. Mpunga ulikuwa mwekundu kama uliopakwa rangi.

"Umetiwa dawa ya wadudu," Bwana Ishengoma akaeleza. Alikuwa na viatu vya mpira safari hii. "Ni sumu. Haupikiki, hautwangiki, hata kuku msiwamwagie. Niliomba mwenyewe utiwe dawa." Akamtazama Bibi Dorotea pembeni mwa miwani. "Nilijua nakuja kwa nani."

Watu walicheka, na Bibi Dorotea alimpiga kofi la begani, kofi la mama.

Nkwabi hakucheka. Alikuwa amezamisha mkono gunini hadi kwenye kiwiko. Alipoutoa ulikuwa mwekundu wote, na Teodora alimcheka kwa hilo njia nzima, kwa sababu alikwenda nao hivyohivyo mpaka nyumbani bila kunawa. Baiskeli ndiyo iliyobeba gunia.

Bwana Ishengoma aliwafuata kwa Landrover. Alikuwa na kitu kimoja zaidi, kwenye kikapu kilichofungwa kamba, nyuma ya kiti cha dereva. Aliagiza Shimba aitwe. Shimba akaja, kamba ikafunguliwa, na humo akatokea kuku jike, mnene, mwenye manyoya ya madoadoa na jicho la ukali.

"Huyu anataga," Bwana Ishengoma akasema.

Shimba alimpokea kwa mikono miwili. Mdomo ulifunguka, macho yakamlowa kidogo, na pengine angetoa hotuba nzuri ya kushukuru, kama inavyompasa mtu anayejulikana Bungeni.

Lakini aliinua uso akamwona Bibi Dorotea. Bibi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Alikuwa anamtazama mgeni, ambaye ametoka Mwanza tangu alfajiri na saa sasa ilikuwa ya saba. Kisha akalitazama jiko. Kisha, polepole, akamtazama kuku.

"Shimba, mwanangu," akaanza, kwa sauti tamu sana.

Shimba alikwishafika ng'ambo ya njia, anakimbia, kuku kwapani.